Vijana Wawili wa Miaka 19 katika Anga ya Lincolnshire

Alhamisi ya tarehe 11 Desemba 1941, alasiri, Adolf Hitler alisimama mbele ya Bunge la Ujerumani mjini Berlin akatangaza vita dhidi ya Marekani. Bunge la Marekani lilimjibu siku hiyo hiyo. Tangu hapo Mmarekani aliyetaka kupigana na Wajerumani aliweza kwenda chini ya bendera ya nchi yake. Habari hiyo haikumfikia John Gillespie Magee. Yeye, Mmarekani aliyevaa sare za Kanada, alikuwa amekwisha kufa tangu saa tano na nusu asubuhi, karibu na kitongoji cha Roxholme katika jimbo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa na miaka 19. Ndege yake ya kivita ilikuwa imegongana hewani na ndege ya mafunzo ya Waingereza wenyewe. Rubani wa ndege hiyo ya pili, Ernest Aubrey Griffin, naye wa miaka 19, hakupona.

Magee anajulikana duniani kote, walau na watu wanaopenda ndege. Griffin hutajwa tu pale inapoelezwa jinsi Magee alivyokufa. Tofauti kati yao ni shairi moja la mistari 14.

Magee alizaliwa Shanghai, China, tarehe 9 Juni 1922, kifungua mimba katika familia ya wavulana wanne. Baba yake, aliyeitwa John Gillespie Magee vilevile, alitoka katika familia tajiri ya Pittsburgh, akaacha raha za kwao na kwenda China kuwa kasisi wa Kanisa la Kiepiskopali. Huko ndiko alikokutana na Faith Backhouse, mmisionari wa Kiingereza, wakaoana. Mtoto wao alianza shule Nanjing, na mwaka 1931 mama yake akampeleka Uingereza kusoma. Baba alibaki.

Kubaki kwake kuna uzito katika historia. Jeshi la Japani lilipoiteka Nanjing tarehe 13 Desemba 1937 na kuanza kuua raia na kubaka wanawake kwa majuma kadhaa, Wazungu na Wamarekani wachache waliokuwa wamekataa kuondoka walitenga eneo la kuwahifadhi wakimbizi. Kasisi Magee aliongoza kamati ya Msalaba Mwekundu mjini humo. Alikuwa na kamera ya filamu ya milimita 16, na kwa kificho alipiga picha za majeruhi hospitalini: mama aliyekatwa shingoni, watoto waliochomwa kwa singe. Filamu zile zilitolewa nje ya mji zikiwa zimeshonewa ndani ya bitana ya koti la mmisionari mwenzake, George Fitch, aliyepita nazo katikati ya askari wa Kijapani hadi Shanghai. Hadi leo ndizo picha za filamu mashuhuri kuliko zote za mauaji yale, na baada ya vita kasisi huyo alikwenda Tokyo kutoa ushahidi mbele ya mahakama ya kijeshi. Sitaki kusema kwamba ushujaa hurithiwa. Lakini anayeshangaa kwa nini kijana wa miaka 18 aliacha nafasi ya chuo kikuu akaenda kujiandikisha katika jeshi la nchi isiyo yake, na akumbuke amelelewa katika nyumba ya namna gani.

Wakati baba yake akipita na kamera wodini, mtoto alikuwa Rugby, shule ya bweni yenye jina kubwa Uingereza. Hapo alipatwa na mambo mawili yanayowapata vijana wengi wa umri ule: alipenda, na alianza kuandika mashairi. Aliyempenda ni Elinor Lyon, binti ya mwalimu mkuu, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto. Binti hakumpenda kwa namna ile, ingawa urafiki wao ulidumu. Katika ushairi alikuwa na kipenzi mwingine, Rupert Brooke, mwanafunzi wa zamani wa Rugby aliyekufa mwaka 1915 akiwa njiani kwenda vitani Gallipoli na kuzikwa katika kisiwa cha Skyros, Ugiriki. Brooke naye hakuuawa na adui. Alikufa kwa sumu iliyoingia katika damu. Mwaka 1939 Magee alishinda tuzo ya ushairi ya shule, tuzo ileile aliyoipata Brooke miaka 34 kabla yake, na shairi lake lilihusu mazishi ya Brooke usiku katika shamba la mizeituni. Akiwa na miaka 16 tayari alikuwa akitunga juu ya kijana mshairi aliyekufa akiwa na sare mwilini.

Kiangazi cha mwaka 1939 alisafiri kwenda Marekani kuwatembelea jamaa. Vita vilipoanza Septemba hakuweza kurudi Rugby, akamaliza masomo yake katika shule ya Avon Old Farms, Connecticut. Hapo alichapisha kijitabu cha mashairi yake. Mwaka uliofuata alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Yale. Hakwenda. Uingereza, nchi ya mama yake na ya rafiki zake wa shule, ilikuwa ikishambuliwa kwa mabomu, na Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Njia ya Mmarekani aliyekuwa na haraka ilipita Kanada. Serikali ya huko ilikuwa imelegeza sharti la kuapa utii kwa Mfalme ili wageni hao wasipoteze uraia wao, na karibu Wamarekani 9,000 walijiunga na Jeshi la Anga la Kanada kwa njia hiyo. Oktoba 1940 Magee alikuwa mmoja wao.

Kanada wakati huo ilikuwa imegeuzwa shule moja kubwa ya urubani. Tarehe 17 Desemba 1939, mjini Ottawa, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zilitia saini mpango wa pamoja wa kufundisha warushaji ndege mbali na mabomu ya Wajerumani, mahali penye anga pana na mafuta ya kutosha. Hadi mwaka 1945 mpango huo ulikuwa umetoa wahitimu 131,553: marubani, waongoza njia, warusha mabomu, mafundi wa redio na wapiga bunduki. Vijana 856 walikufa mafunzoni humo humo Kanada kabla ya kumwona adui. Ukiigawanya hesabu, hasara inaonekana ndogo, na huenda ndivyo maofisa walivyoiona. Kwa familia iliyopokea simu ya maandishi kwamba mtoto wao ameanguka na ndege ya kujifunzia katika mashamba ya ngano, hesabu ilikuwa moja tu.

Si Kanada peke yake. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika habari hii, nayo haisemwi sana. Novemba 1939 Roald Dahl, ambaye wakati huo alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta mjini Dar es Salaam na baadaye akawa mwandishi maarufu wa hadithi za watoto, aliendesha gari hadi Nairobi kujiandikisha urubani. Walikuwa vijana 16 waliojifunza pamoja kwa ndege ndogo za Tiger Moth juu ya mbuga. Kwa maelezo yake mwenyewe, 13 kati yao walikufa vitani. Baadaye Nakuru na Nanyuki zilipata shule za kuwanoa marubani kabla ya kupelekwa Misri na kwingineko, na makaburi ya kijeshi ya miji hiyo yana vijana ambao hawakufika mbali zaidi ya hapo.

Tumrudie Magee. Alijifunza kwanza St. Catharines, Ontario, kwa ndege nyepesi aina ya Fleet Finch, kisha Uplands karibu na Ottawa kwa ndege nzito zaidi. Alikuwa na kipaji cha kurusha, na wakuu wake walilijua hilo. Waliujua pia utundu wake, maana alipenda michezo ya hewani kuliko kanuni. Juni 1941 alivishwa bawa la rubani, na kabla kiangazi hakijaisha alikuwa Llandow, kusini mwa Wales, katika kikosi cha mafunzo ya mwisho. Hapo ndipo alipokabidhiwa Spitfire.

Inafaa kueleza maana ya kukabidhiwa Spitfire mwaka 1941. Ndege ile ilikuwa na kiti kimoja. Mkufunzi hakuwa na mahali pa kukaa. Mwanafunzi alisoma kijitabu, akakaa ndani ya ndege ikiwa imesimama mpaka mikono ijue kila swichi ilipo hata macho yakifumbwa, kisha akaruka peke yake. Safari yake ya kwanza ilikuwa pia mtihani wake. Pua ya ndege ilikuwa ndefu kiasi kwamba ikiwa ardhini rubani hakuona mbele yake, alilazimika kwenda kwa kuyumba kushoto na kulia ili achungulie pembeni. Hewani, pua hiyo na mabawa viliendelea kumficha sehemu kubwa ya kilichokuwa chini yake.

Agosti 1941 Magee aliipandisha ndege hiyo zaidi ya futi 30,000, yaani zaidi ya mita 9,000, karibu Kilimanjaro moja na nusu. Huko, akipumua kwa barakoa ya oksijeni, mistari ya shairi ilianza kumjia. Tarehe 3 Septemba aliwaandikia wazazi wake barua, na nyuma ya karatasi akanakili shairi hilo, akisema kwamba alilianza kule juu na kulimaliza mara baada ya kutua. Aliliita “High Flight”. Ni soneti ya mistari 14 inayoeleza furaha ya kuachana na ardhi, kucheza na mawingu na kufika mahali ambapo ndege wa kawaida hawafiki, hadi rubani anapojiona yuko karibu na Mungu.

Wachambuzi wamelikosoa, na wana hoja. Baadhi ya mafungu yake yanafanana mno na mistari ya washairi waliomo katika Icarus, mkusanyo wa mashairi ya urubani uliochapishwa mwaka 1938. Kijana aliyesoma sana alikuwa na maneno ya wengine kichwani, na alipoandika kwa haraka yakatoka. Kwa maoni yangu hilo halimwondolei sifa, kwa sababu mwendo wa shairi, jinsi linavyopaa bila kutua hadi mstari wa mwisho, ni wake. Kilicho muhimu zaidi ni kile ambacho hakimo. Humo hamna vita, hamna adui wala bunduki. Spitfire ilibeba mizinga na bunduki za rashasha, ila ukilisoma shairi hutajua. Naliona hilo kuwa sababu kubwa ya majeshi kulipenda. Linamruhusu mwanajeshi kuisifu kazi yake bila kutaja kuua, na linamruhusu mzazi kuamini kwamba mwanawe alikufa akiwa na furaha. Tena aliyeliandika alikuwa bado mwanafunzi. Alikuwa hajaona pambano hata moja.

Pambano lilikuja. Mwishoni mwa Septemba alipelekwa Kikosi cha 412 cha Kanada, kwanza katika kituo cha Digby na baadaye Wellingore, vyote Lincolnshire. Tarehe 8 Novemba kikosi hicho kilikwenda kusindikiza ndege za mabomu hadi Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Walishambuliwa na ndege za Kijerumani, na katika kundi dogo la ndege nne alimokuwa Magee, ni yeye peke yake aliyerudi. Alipiga risasi 160 bila kumwangusha mtu. Hilo ndilo pambano lake pekee la maana. Shairi jingine alilolituma kwao, “Per Ardua”, alilitoa kwa heshima ya marubani waliokufa wakiilinda Uingereza mwaka 1940. Ni watu wachache sana wanaolijua.

Basi tufike kwenye asubuhi ile ya Desemba. Siku nne zilikuwa zimepita tangu Wajapani waishambulie Pearl Harbor. Magee na wenzake waliruka kutoka Wellingore kwa mazoezi. Mawingu yalikuwa yametanda. Walipomaliza, waliona upenyo katika mawingu wakapiga mbizi kuupita, ndege moja nyuma ya nyingine, kwa kasi kubwa. Magee alikuwa ndani ya Spitfire namba AD291. Chini ya mawingu, katika kimo cha futi 1,400 hivi, kulikuwa na Airspeed Oxford iliyotoka Cranwell.

Oxford ilikuwa ndege ya injini mbili, ya mbao, polepole na yenye subira, iliyojengwa kuwafundisha watu kama Griffin. Cranwell kilikuwa chuo cha maofisa wa anga kabla ya vita, na vita vilipoanza kikawa pia kiwanda cha marubani. Kutoka hapo hadi Digby ni maili chache tu. Lincolnshire nzima ilikuwa hivyo: tambarare, yenye ukungu wa baridi, na viwanja vya ndege vilivyobanana hata mizunguko yao ya angani ikaingiliana. Katika anga hiyo ndege za kivita zilishuka kwa kasi, ndege za mabomu zilipanda zikiwa zimelemewa, na wanafunzi walizunguka wakijifunza kukata kona. Hapakuwa na mtu wa kuzitenganisha ndege za viwanja jirani kama wafanyavyo waongozaji wa leo. Kila rubani alitegemea macho yake, na anayetoka mawinguni kwa kasi ile ana nukta chache tu za kuona.

Spitfire na Oxford ziligongana. Mkulima mmoja aliyekuwa karibu alisimulia baadaye kwamba alimwona rubani wa Spitfire akihangaika kukisukuma nyuma kifuniko cha kioo, kisha akasimama na kuruka. Alikuwa amekwisha karibia mno ardhi. Mwavuli haukuwahi kufunguka.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa ajali hii sikubaliani nao kabisa. Kugongana kwa Roxholme kulikuwa na sababu zinazotajika: viwanja vingi katika eneo dogo, hali mbaya ya hewa, na haraka ya vita iliyowaweka wanafunzi na wapiganaji katika anga moja. Wakuu wa vita walijua kwamba mafunzo yanaua, wakaamua kwamba kupunguza mafunzo kungeua zaidi. Katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, ambayo ilipoteza watu 55,573, zaidi ya 8,000 walikufa katika mazoezi au safari zisizo za mapambano. Jeshi la anga la Marekani lilipoteza karibu watu 15,000 katika ajali za mafunzo ndani ya nchi yao wenyewe. Hata hivyo kwenye filamu za vita tunaonyeshwa rubani akianguka mbele ya bunduki ya adui, kwa kuwa kifo cha namna hiyo kina mtu wa kulaumiwa.

Magee alizikwa Scopwick, kijiji kilicho karibu na Digby, kati ya wenzake wengi wa jeshi la Kanada. Juu ya jiwe la kaburi lake imechongwa mistari miwili ya shairi lake, wa kwanza na wa mwisho.

Wakati huo baba yake alikuwa amekwisha rudi Marekani na kuhudumu katika Kanisa la Mtakatifu Yohana, Washington, ng'ambo ya bustani inayoitazama Ikulu. Kasisi aliyekuwa ameutolea ulimwengu ushahidi wa vifo vya wana wa wengine, sasa alikuwa na karatasi ya mwanawe mwenyewe. Alilichapisha shairi katika jarida la kanisa, magazeti yakalichukua, na Februari 1942 mshairi Archibald MacLeish, aliyekuwa mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, akaliweka katika maonyesho ya mashairi ya imani na uhuru. Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imeingia vitani, ikitafuta wafu wake wa kuwaenzi. Ikampata aliyekuwa amekufa siku ileile vita na Ujerumani vilipotangazwa.

Tangu hapo halijatulia. Makadeti wa chuo cha jeshi la anga la Marekani hulikariri mwaka wao wa kwanza. Vituo vya televisheni vya nchi hiyo vililisoma usiku wa manane vilipofunga matangazo. Mwaka 1966 Michael Collins alikwenda nalo angani katika chombo cha Gemini 10. Na tarehe 28 Januari 1986, chombo cha Challenger kilipolipuka na kuua watu saba, akiwamo mwalimu Christa McAuliffe, Rais Ronald Reagan alimalizia hotuba yake ya rambirambi kwa maneno yaliyotoka humo. Kijana aliyekufa kwa kugongana na ndege ya mafunzo akawa ndiye msemaji wa kila anayekufa akiwa juu.

Griffin hakupata lolote katika hayo. Alikuwa na umri uleule, alikufa dakika ileile, na wala yeye hakuwa akipiga mbizi wala kukiuka jambo. Alikuwa katika somo lake. Sina ugomvi na umaarufu wa Magee, maana shairi ni zuri na kijana aliuawa kabla hajajua kama angeweza kuandika jingine bora. Ila naona ni uonevu kuisimulia asubuhi ile kana kwamba Oxford ilikuwa wingu jingine lililomziba njia. Mwalimu anayelifundisha shairi hili darasani, au kadeti anayelikariri gwarideni, na ataje majina yote mawili. Na msomaji aliyeko Nakuru au Nanyuki hahitaji kusafiri hadi Lincolnshire: siku moja aingie katika makaburi ya kijeshi ya mji wake asome umri ulioandikwa kwenye mawe.